Siku Niliyomgawia Baba Mkwe Karata

Pale Nkende kwa wakwe zangu hakuna mtu anayeniita Marwa. Mashemeji wananiita Majivu, watoto wao wananiita Babu Majivu, na juzijuzi kwenye harusi ya mjukuu msema chochote mmoja alishika kipaza sauti akatangaza mbele ya watu wote, "Sasa tumkaribishe Mzee Majivu kutoka Gorong'a," nami nikasimama nikapunga mkono nikaketi, maana ningefanya nini? Mimi si mtu wa kuona haya ovyo, mnanijua, nimesimama kwenye mabaraza mengi nikasema mengi na sauti haikutetemeka. Lakini aibu ya jina hilo niliitafuta kwa mdomo wangu mwenyewe, mchana kweupe, kwenye uwanja wa watu, na kwa kuwa mmeniuliza, afadhali niwasimulie mimi kabla hamjasimuliwa na mashemeji zangu, ambao kwenye mkasa huu wanatia chumvi bila kipimo.

Enzi hizo mpaka wa Sirari ulikuwa bado haujafungwa, kijana wa Gorong'a akichoka na jembe anavuka tu upande wa pili, anapanda basi, kesho yake yuko Nairobi anatafuta kazi. Ndivyo nilivyofanya, na nikapata kazi kwenye nyumba moja ya kamari, kasino kama wanavyoiita, nyumba yenye zulia nene mpaka ukitembea husikii viatu vyako mwenyewe, na meza zimevikwa kitambaa cha kijani, na watu wamekaa wanacheza mchezo wa ishirini na moja huku wanavuta sigara moja baada ya nyingine. Na hizo sigara ndizo zilizonipa mimi ugali. Kazi yangu ilikuwa kupita na kopo lenye mfuniko na brashi ndogo, namwaga majivu, nafuta kibakuli cha kioo, narudisha mezani bila kumgusa mtu kiwiko. Miezi kumi na minne. Basi.

Ila nilikuwa nina macho, na nilikuwa nasimama nyuma ya mgawa karata saa nyingi kuliko mtu yeyote, na ule mchezo niliujua mpaka nikawa naona makosa ya wachezaji kabla hawajayafanya (wengi wao walikuwa hawajui kucheza, mnisadiki, walikuwa wanajua kuvuta sigara). Siku nilipoacha kazi, mgawaji mmoja alinipa pakiti ya karata zilizochakaa. Kila karata ilikuwa imetobolewa tundu dogo katikati, kwa sababu kule karata ikishazeeka inatobolewa, asije mjanja akairudisha mezani kwa siri. Niliweka pakiti ile mfukoni nikarudi nyumbani nikiwa nimevaa suruali ya bugaluu, pana chini kama kengele, na viatu vya raizoni vyenye kisigino kirefu kama tofali, na nywele nimezichana zikasimama.

Nikakuta Gorong'a watu wanahamishiwa kwenye vijiji vipya, na Nkende nikakutana na Bhoke. Bhoke alikuwa anafundisha elimu ya watu wazima, kila siku saa kumi alasiri, kwenye darasa la shule ya msingi, wanafunzi wake wazee watupu, akiwemo mama yake mzazi. Nilimsubiri nje ya darasa siku ya kwanza, siku ya pili, siku ya tatu akaniuliza, "Wewe kwani Nairobi ulikuwa unafanya kazi gani?" Hapo ndipo palipoharibika kila kitu. Ningesema nilikuwa mfagizi, yangeisha. Lakini nilitazama viatu vyangu vya raizoni, nikaona mfagizi haendani navyo, nikamjibu, "Nilikuwa mgawa karata. Mkuu wa meza." Ndugu zangu, hata "mkuu wa meza" sijui niliitoa wapi.

Bhoke alinipenda, simwambii mtu uongo kwenye hilo, lakini jibu langu alimwambia mama yake, mama yake akamwambia shangazi, na shangazi yule (Shangazi Robi, dada yake baba yao, mama mwenye maneno huyo) jambo likishafika kwake limefika kwa wote. Kwa hiyo siku nilipokwenda na baba yangu mdogo, Chacha, kujitambulisha rasmi na kuomba mchumba, nilikuwa sijui kwamba jibu langu limetangulia kufika na limeshaketi uwanjani linatusubiri.

Baba yake Bhoke, Mzee Wambura, alikuwa balozi wa nyumba kumi, mtu wa kazi, mtu ambaye wiki ile ile alikuwa amewakuta vijana wanacheza karata nyuma ya duka saa nne asubuhi akawaswaga wote mpaka shamba la kijiji wakapalilie. Tulimkuta ameketi kwenye kigoda chake, majirani watatu wanne wamekaa naye. Nikapiga magoti kidogo, "Shikamoo, mzee." Akaitikia marahaba. Tukapewa viti, tukapewa uji wa wimbi, tukazungumza habari za mvua na za ng'ombe waliovimba matumbo, na baba mdogo akaanza kunisifu vizuri, kijana huyu ni mtulivu, kijana huyu ana heshima. Mzee Wambura akamwacha amalize. Kisha akanigeukia mimi.

"Mura," akasema, yaani kijana, "nasikia wewe ni mtu wa kamari."

Baba mdogo akapaliwa na uji. Mimi sikupaliwa, maana nilikuwa kijana na nilikuwa na jibu, na jibu lenyewe nililiona zuri sana. "Hapana, mzee," nikamwambia, "kamari wanacheza wale wanaoketi upande wa pili wa meza. Mgawaji hachezi kamari. Mgawaji hana hiari."

"Hana hiari namna gani?"

Nikamweleza, na nawaeleza na ninyi, kwa sababu bila hili hamtaelewa nilivyoangamia. Kila mtu anapewa karata mbili. Karata ya mbili ni mbili, ya tisa ni tisa, zenye sura za watu zote ni kumi kumi, na ree, ile yenye alama moja, unaihesabu moja au kumi na moja, upendavyo. Anayetaka nyongeza anasema ongeza, aliyetosheka anasema basi, na shabaha ni ishirini na moja. Ukizidi hapo umeungua, umeshindwa. Anayeongeza au kusimama kwa kupenda kwake ni mchezaji. Mgawaji yeye amefungwa na sheria: akiwa na kumi na sita au chini, lazima aongeze hata kama moyo unakataa, na akifika kumi na saba au zaidi, lazima asimame hata kama moyo unataka. "Hata mbele yake akiketi baba yake mzazi," nikamwambia Mzee Wambura, nikinyoosha kidole juu, "mgawaji hajui baba, hajui mjomba, anajua kumi na saba tu. Sasa hiyo ni kamari, mzee? Hiyo ni kazi kama ya karani."

Majirani wakatazamana, wakakubali kwamba kijana anasema. Mzee Wambura akasugua goti lake. "Mimi binti yangu simpi mcheza kamari," akasema, "kwa sababu leo atacheza ng'ombe, kesho atacheza shamba, kesho kutwa atamcheza mtoto. Lakini kama kuna sheria, na wewe unaishika sheria, hilo ni jambo jingine. Tuoneshe." Maana yake ilikuwa wazi kwa kila mtu pale: nikionekana mtu wa sheria, nitapewa Bhoke, na nikionekana mcheza kamari, nichukue baba yangu mdogo niondoke.

Nikatoa pakiti mfukoni. Sikutetemeka hata kidogo. Tukageuza ngozi ya ng'ombe tukaitandika kwenye kigoda kingine, upande laini juu, nikaomba maharage tuhesabie badala ya vitu vya thamani, na kabla sijagawa hata moja, Shangazi Robi akatokea kwenye mlango wa jiko akasimama.

Hapa lazima niwaeleze wageni. Sisi Wakurya tuna kitu tunaita insoni, ni haya na heshima vimechanganywa pamoja, na mahali insoni inapokaa kuliko pote ni kati ya mwanamume na mama mkwe wake. Hamtazamani usoni, hamkai pamoja, hampeani kitu mkononi, na ukoo ule wa Mzee Wambura walikuwa wakali kwa hilo kushinda watu wote niliowahi kuwaona. Kwa hiyo mama yake Bhoke alikuwa ndani ya jiko, nyuma ya ukuta, hatua chache tu kutoka nilipoketi, na neno lake lilikuwa linapitia kwa shangazi, ingawa kila mtu alikuwa analisikia kabla shangazi hajalirudia.

"Mama anasema," akasema shangazi, "binti ni wake pia, na yeye kutoka hawezi. Kwa hiyo kila karata inayoanguka itajwe kwa sauti, naye asikie."

"Mwambie mama nitataja," nikajibu kwa ukarimu. Na kitu ambacho sikukijua, ambacho Bhoke angeniambia kama ningemuuliza, ni kwamba mama yule ndiyo kwanza alikuwa amemaliza kitabu cha kujumlisha darasani kwa binti yake, wa kwanza katika wazee wote, na tangu siku hiyo alikuwa anajumlisha kila kilichopita mbele yake, kuku, vibuyu, hata watu kanisani.

Mchezo wa kwanza ulikwenda vizuri mpaka ukanilewesha. Nilichanga karata kwa mtindo wa Nairobi, zikalia prrr, majirani wakasogeza viti. Nikampa Mzee Wambura kwanza (kule Nairobi unagawa kwa kufuata viti, lakini mimi ningempaje baba mdogo kabla ya mwenye mji?) na nikampa kwa mikono miwili nimeinama, jambo ambalo mgawaji akilifanya kule wangemcheka. Nikataja kwa sauti: mzee, mfalme na nane, kumi na nane. Mzee akasema, "Basi." Baba mdogo, saba na nane, akasema ongeza, tisa, akaungua, akaweka maharage yake chini kwa huzuni kama kwamba yalikuwa ng'ombe. Mimi mgawaji, nina kumi na sita. "Mnaona," nikawaambia, "mimi hapa moyo wangu unataka kusimama, lakini kumi na sita haisimami," nikaongeza, akaanguka malkia, nikaungua, mzee akashinda. Uwanja ukacheka kwa furaha. Mzee Wambura akayavuta maharage kwake, nikaona ndevu zake zinasogea, na nyuma ya shangazi nikaliona jicho moja la Bhoke linachungulia.

Baba mdogo akanikanyaga mguu chini ya kigoda. Nilimwelewa vizuri sana. Alikuwa ananiambia kunja karata, mura, tumalizie hapa. Na hapo ndipo nilipotenda kosa la pili, maana la kwanza lilikuwa la kudanganya kuhusu Nairobi na hili lilikuwa la palepale uwanjani. Niliona utamu wa kushangiliwa, nikasema, "Tucheze mwingine, mzee, uione sheria vizuri."

Nikagawa, mimi na mzee tu. "Mzee, kumi na tatu," nikataja, karata ya kumi pamoja na karata ya tatu. Mtu yeyote mwenye kumi na tatu anaomba nyongeza. Nikamngoja. Mzee Wambura akazitazama karata zake, akanitazama mimi, akasema, "Basi." Nikamkumbusha kwa adabu kwamba anaweza kusema ongeza. Akanijibu kwamba ameshasema. Ndipo nikaelewa: mkwe haombi kwa mkwe. Mzee kama yule, kwenye uwanja wake, mbele ya majirani zake, amwambie kijana anayekuja kuomba binti, "Niongeze, niongeze"? Angekufa njaa kwanza. Mchezo mzima umejengwa juu ya mtu kuomba, na mimi nilikuwa nimeuleta kwenye mji ambao mwenyewe hawezi kuomba.

Nikafunua za kwangu. "Tisa," nikataja. Na ile iliyolala, "Tisa."

Kumi na nane. Sheria inasema nisimame. Nikisimama nimemshinda baba mkwe, palepale kwenye kigoda chake, mbele ya watu anaowaswaga kwenda shambani, na mkewe anasikia. Nawaambieni sijawahi kuchoka akili kama wakati ule. Nilimwona mzee ameketi na kumi na tatu yake kama mtu aliyevuliwa kofia, nikaona haiwezekani, hakuna mkwe anayefanya hivyo, bora niungue mimi. Nikafikiri, nani atajua? Majirani wanatazama picha tu. Nikasema haraka haraka, "Naongeza," nikavuta karata ya juu nikaifunua.

Ilikuwa tatu.

Ishirini na moja, ndugu zangu. Ile yenyewe, ambayo kule Nairobi watu walikuwa wanaisubiri mpaka asubuhi. Nilikuwa natafuta kushindwa nikaipata mimi. Nilitaka nisiitaje, lakini nilikuwa nimeahidi, nikasema kwa sauti ndogo, "Tatu."

Majirani wakainama kuitazama. Halafu kutoka nyuma ya ukuta, polepole, kama mtu anayeandika ubaoni, tukasikia: "Tisa na tisa... kumi na nane."

Shangazi akajishika kiuno. "Mama anauliza. Tisa na tisa ni kumi na nane. Wewe si ulisema kumi na saba unasimama?"

Hapo ningesema ukweli. Badala yake nikasema, "Samahani, shangazi, nilihesabu vibaya."

"Anasema alihesabu vibaya," shangazi akapeleka, na sauti ya ndani ikarudi bila hasira, kwa huruma kabisa: "Basi darasa ni saa kumi. Bhoke atamfundisha." Majirani walicheka mpaka mmoja akamwaga uji. Mzee Wambura hakucheka.

"Mtu wa kazi ya karani," akasema, "hajui tisa na tisa?"

"Najua, mzee." Na kwa kuwa nilikuwa nimeshaanza kuzama nikaona nishike kamba yoyote: "Ukweli ni kwamba niliongeza makusudi. Sikutaka kukushinda. Nilitaka unishinde wewe, kwa heshima."

Nilidhani nimejiokoa. Mzee akaweka karata zake chini taratibu. "Kwa hiyo ulikuwa unanipa," akasema. "Kama mtoto anavyoachiwa kushinda mbio. Na ile ya kwanza, niliyoshinda, nayo ulinipa?"

"Ile hapana, mzee, ile ilikuwa halali."

"Nitajuaje?" Na kweli angejuaje? Nilikuwa nimeharibu hata ushindi wake wa haki, maharage yake yakabaki mbele yake hayana kazi. "Umekaa hapa unaniambia mgawaji hajui baba wala mjomba," akaendelea, "kumbe hiari unayo. Unaificha tu mfukoni pamoja na karata zako. Leo umeitumia kunifurahisha. Kesho utaitumia kwenye ng'ombe wa watu." Baba mdogo Chacha akachukua fimbo yake na kofia yake, akasimama, na mimi nikaona Bhoke anakwenda hivyo hivyo, kwa sababu ya karata ya tatu.

Nikaruka kusimama nimzuie. Viatu vya raizoni vikanizuia mimi. Kisigino kikakanyaga pembe ya ile ngozi ya ng'ombe, kigoda kikapinduka, maharage yakatawanyika, nikarudi kinyumenyume hatua tatu nikipepea mikono, shangazi akaruka pembeni kuokoa maisha yake, nikaingia kwenye mlango wa jiko kwa mgongo nikaanguka chali kwenye majivu.

Nilipofumbua macho nilikuwa natazamana uso kwa uso na mama mkwe wangu.

Sijui mnaelewa. Mwanamume anayeposa, ndani ya jiko la mama mkwe, amelala chali miguuni pake, bugaluu juu, nywele zimejaa majivu, na yeye ameketi kwenye kigoda kidogo na vidole vyake bado vimenyooshwa vitatu kwa ajili ya kujumlisha. Ilikuwa kufumba na kufumbua tu. Akajifunika uso kwa kitenge, nami nikafumba macho kwa nguvu nikayafunika na mikono, na nje nikasikia shangazi anasema, "Amemwona, amemwona," na majirani wanasogea mlangoni. Nilitamani lile jiko liniangukie.

Na pale, macho nimefumba, majivu mdomoni, kila kitu kikanitoka. Nilimsemesha yeye moja kwa moja, kosa juu ya kosa. "Mama, nisamehe. Mimi sikuwa mgawaji wa karata. Sikuwa mkuu wa meza. Nilikuwa napita na kopo namwaga majivu ya sigara. Nilidanganya kwa sababu nilimpenda Bhoke na nilikuwa nimevaa viatu."

Nikasikia sauti yake, karibu sana, angeweza kunigusa kwa kidole cha mguu: "Shangazi, muulize, hayo majivu alikuwa anayamwaga vizuri?"

"Mama anauliza, ulikuwa unayamwaga vizuri?"

"Vizuri, shangazi. Miezi kumi na minne hayakumwagika kwenye zulia hata siku moja."

"Anasema vizuri," shangazi akapeleka habari kwa mtu aliyekuwa karibu nami kuliko yeye. Na nyuma ya kitenge nikasikia mama mkwe wangu anacheka, akijibana, pumzi zinamtoka puani.

Mzee Wambura akaamuru nitolewe. Nilitolewa kwa kuvutwa miguu, na viatu vikatoka njiani. Aliniacha nimesimama mbele yake peku, mweupe kwa majivu kuanzia kichwani mpaka kiunoni, akaniuliza, "Huko Nairobi walikufukuza?" Nikamwambia hapana, niliacha mwenyewe. "Tangu asubuhi," akasema, "nimekaa hapa nazungumza na mtu ambaye hayupo. Angekuja huyu mfagizi, saa hizi tungekuwa tunazungumza habari za ng'ombe. Mfagizi ni mtu wa kazi. Nenda nyumbani. Rudi baada ya kuvuna wimbi, uje na huyo mfagizi, na yule mgawaji umwache hukohuko alikotoka." Shangazi akaongeza kwamba kwa lile la jikoni kuna faini ya blanketi la mama, zito, si haya mepesi.

Njiani kurudi Gorong'a baba mdogo alinipitisha mtoni ninawe. Ndipo akasema, "Mfagizi," akacheka, akakaa chini kwenye jiwe akacheka mpaka akalia, na akaniambia kwamba yeye mwenyewe alishaanza kuwaambia watu kwamba nilikuwa meneja.

Nilirudi baada ya mavuno nimevaa makatambuga ya tairi, blanketi begani, nywele nimenyoa. Hakuna aliyeniuliza chochote. Shangazi alinipa fagio mlangoni, nikafagia uwanja wote, na nilipodhani nimemaliza sauti ikatoka ndani: "Muulize Majivu kama ameona na kule nyuma ya ghala." Sikuwa nimeona. Nikafagia na nyuma ya ghala, na siku ile nikapewa Bhoke, ambaye hivi ninavyowasimulia yuko huko ndani ananisikia na anajua kwamba sipunguzi wala siongezi. Zile karata mama mkwe alizikamata, hakuzirudisha. Alipitisha uzi kwenye matundu, Bhoke akazitundika ukutani darasani, na wazee wa Nkende wakajifunzia kujumlisha, wafalme na malkia na wote.

Yule mama uso wake niliuona siku moja tu, siku ile, nimelala chali, na miaka yote iliyofuata alikuwa sauti nyuma ya ukuta inayouliza kama Majivu amekula, kama Majivu amepata mahali pa kulala. Alipofariki nilifika alfajiri nikachukua fagio bila kutumwa na mtu. Nilifagia uwanja nikazunguka nikafagia na nyuma ya ghala, na nilipomaliza nikamwona Shangazi Robi, mzee sana sasa, amesimama kwenye mlango wa jiko amegeuza sikio ndani kwa mazoea, anangoja aambiwe aniulize nini.

Kwa hiyo mimi kujipa cheo niliacha siku ile kwenye majivu, na sitarudia. Mtu akiniuliza Nairobi nilikuwa nafanya kazi gani, namjibu kabla hajamaliza kuuliza: nilikuwa namwaga majivu, na nilikuwa nayamwaga vizuri.